Leseni Ikifutwa, Nani Alikanyaga Mafuta?

Ndugu zetu wa usukani, makala haya ni yenu. Wengine wasome pia, maana mizigo tunayopakua, unga tunaokula na dawa tunazongojea hospitali zimefika kwa mikono ya madereva.

Siku moja nilikaa Malaba nikinywa chai ya maziwa na dereva wa trela aliyekuwa akingojea karatasi zake za forodha. Ni mtu mzima, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alitoa leseni yake mfukoni, ameifunga ndani ya nailoni isilowe, akaiweka mezani kando ya kikombe. “Hili ndilo jembe langu,” aliniambia. “Shamba sina.” Kisha akatoa risiti tatu za faini. Zote tatu zilikuwa za mwendo wa kasi, na zote za safari moja. Bandarini Mombasa alikuwa amecheleweshwa siku nzima kabla ya kupakiwa, lakini tajiri wa gari hakubadilisha saa ya kufika. Mzigo ulitakiwa Kampala Jumamosi kabla ghala halijafungwa, zaidi ya kilomita 1,100, basi. Faini zikakatwa kwenye mshahara wake.

Mzee huyu alikuwa na maswali mawili. Amesikia kwamba ziko nchi ambako makosa ya dereva huandikwa na kujumlishwa, na yakifika idadi fulani leseni hufutwa hata kama hakuna mtu aliyekufa wala kujeruhiwa. Je, ni kweli? Na huko, yule aliyemwagiza dereva awahi, yeye huandikiwa nini?

Swali la kwanza nilimjibu pale pale. La pili lilinichukua muda, na ndilo lililonifanya niandike.

MAKOSA KUWEKWA AKIBA

Ni kweli. Mpango huu huitwa leseni ya pointi, na si mpya. Ujerumani Magharibi iliuanza mwaka 1974. Kila kosa lilikuwa na pointi zake, zikaandikwa katika daftari kuu la mji wa Flensburg, na aliyefikisha 18 alinyang’anywa leseni. Mwaka 2014 hesabu ilibadilishwa ikawa 8. Uingereza ilikuwa ikijumlisha makosa tangu sheria ya mwaka 1962, na mwaka 1982 ikaanza pointi: anayefikisha 12 ndani ya miaka mitatu huzuiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi sita, isipokuwa mahakama ikubali kwamba adhabu hiyo italeta dhiki isiyo ya kawaida. Afrika Kusini ilipitisha sheria yake mwaka 1998. Ikabishaniwa miaka mingi, hata Julai 2023 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba ni halali. Katika nchi zetu nazo mazungumzo ya pointi huibuka kila baada ya ajali kubwa.

Shabaha ya mpango ni dereva sugu, yule anayetozwa faini leo, akalipa, na kesho akarudia. Mtu mwenye fedha anaweza kulipa faini mwaka mzima kama anavyolipia petroli. Pointi hazinunuliwi, au tuseme hazikukusudiwa kununuliwa, kwa sababu Ufaransa walitokea watu wanaokubali kwa malipo kuandikiwa makosa ya wengine, na baadhi yao wamefikishwa mahakamani kwa udanganyifu.

Chama cha wafanyakazi hakiwezi kusimama mbele ya watu kikamtetea dereva anayeendesha amelewa. Wanaokufa barabarani ni wafanyakazi wenzetu: abiria wa matatu, kijana wa boda boda, mama anayevuka na mtoto mgongoni, na taniboi aliyelala ndani ya kebini. Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya katika haya yanayofuata.

JULAI 1992 HUKO UFARANSA

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi watu wa vyama ni cha Ufaransa. Sheria ya pointi ilipitishwa huko tarehe 10 Julai 1989, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Kila dereva alipewa pointi 6 mkononi, na kila kosa lilipunguza. Kosa dogo lilikula pointi moja, kosa zito, kama kuendesha umelewa, lilikula tatu. Zikiisha, leseni imekufa.

Madereva wa malori walipiga hesabu yao, nayo ilikuwa rahisi. Mwenye gari dogo anayekwenda kazini na kurudi, na Jumapili kuwatembelea wakwe, huenda akasafiri kilomita elfu kumi na kitu kwa mwaka. Dereva wa lori la masafa marefu hufikisha laki moja. Wote wawili walipewa pointi 6 zile zile. Mmoja akizipoteza atapanda basi, mwenzake atakosa chakula. Isitoshe, leseni ni ya mtu, haijali anaendesha nini: pointi aliyoipoteza Jumapili katika gari lake mwenyewe ndiyo hiyo atakayoikosa Jumatatu ndani ya lori.

Siku za mwisho za Juni malori yalianza kusimamishwa katikati ya barabara kuu, moja, kisha kumi, kisha mamia. Vyama vikubwa vya wafanyakazi havikuuitisha mgomo huu. Madereva waliitana wenyewe kwa redio za CB zilizokuwa ndani ya kebini, na katika vizuizi walichanganyika madereva wa kuajiriwa na wenye lori moja moja wanaojiendeshea. Nchi ilikuwa inaingia likizo za kiangazi. Familia zilizokuwa zikielekea baharini zilikwama kwenye foleni ndefu, matunda yakaoza ndani ya malori, na baadhi ya viwanda vikaanza kukosa vipuri.

Serikali ya Waziri Mkuu Pierre Bérégovoy ilikataa kuiondoa sheria. Tarehe 6 Julai, katika barabara kuu iendayo Lille, kaskazini mwa nchi, lilitumwa jeshi na vifaru vya kuvutia magari mabovu ya kivita, vikayaburuta malori kutoka barabarani. Picha za kifaru kikikabiliana na lori zilienea ulimwenguni. Siku chache baadaye vizuizi vingi vilikuwa vimeondoka.

Walipata nini? Kuanzia tarehe 1 Desemba 1992 pointi ziliongezwa kutoka 6 hadi 12. Ukisikia hivyo utadhani walipewa mara mbili. Lakini tazama vizuri. Kosa zito ambalo lilikula 3 katika 6 sasa likala 6 katika 12, yaani nusu ile ile. Nafuu ya kweli ilikuwa katika makosa madogo, ambayo sasa yangeweza kupimwa kwa kijiko kidogo: pointi moja katika kumi na mbili si sawa na moja katika sita. Hilo ni jambo la maana kwa mtu anayekaa barabarani siku sita kwa wiki, wala sitalidharau. Ila leseni ya pekee kwa madereva wa kazi hawakuipata.

UKILIPA UMEKIRI

Sasa nieleze mpango huo unavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo dereva anaponaswa bila kujua.

Pointi haziondolewi na hakimu. Kosa likishathibitika, ofisi ya serikali huziondoa yenyewe kwa hesabu iliyowekwa. Na njia ya kawaida ya kosa kuthibitika ni dereva kulipa faini. Ukilipa, umekiri. Mtu analipa ili aondokewe na usumbufu, anasahau, kumbe daftari halikusahau. Mwaka 1998 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba kuondolewa pointi ni adhabu kweli, lakini haikuona haki iliyovunjwa, kwa sababu dereva ana nafasi ya kulipinga kosa lenyewe mbele ya mahakama. Nafasi hiyo ni ya yule ambaye bado hajalipa.

Risiti tatu za yule mzee wa Malaba zilinijia akilini niliposoma habari hizi. Alikuwa amelipa haraka haraka zote, maana gari likilala kituoni saa nyingi tajiri anapiga simu.

Pointi zikimalizika, Mfaransa hupata barua ya rejista. Lazima arudishe leseni, na kwa miezi sita haruhusiwi kupata nyingine. Baadaye hupimwa na daktari, hupimwa akili na wepesi wake, kisha hufanya mtihani upya. Kuna milango ya kujinusuru: kozi ya siku mbili, ambayo hurudisha hadi pointi 4 na ambayo mtu huilipia, na muda wa kuendesha bila kosa, ambao hurudisha pointi zilizopotea. Tangu Januari 2024 wamelegeza pia kosa la kuzidisha mwendo kwa chini ya kilomita 5 kwa saa: faini ipo, pointi haiondoki.

Je, watu wengi waliokolewa? Mwaka 1992 waliokufa barabarani Ufaransa walikuwa zaidi ya 9,000. Mwaka 2010 walikuwa chini ya 4,000. Si pointi peke yake. Kuna mikanda, magari bora, barabara bora, na kamera za kupima mwendo zilizoanza kuwekwa mwaka 2003. Hata hivyo nadhani ni vigumu kwa mtu mwaminifu kusema kwamba hofu ya kupoteza leseni haikuchangia. Kamera zilipokuja, leseni zilianza kufutwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka, na likazuka tatizo jingine ambalo waliotunga sheria hawakulitilia maanani: watu waliofutiwa leseni na ambao bado wanaendesha, kwa kuwa kazi iko mbali na mtoto yuko shule. Mwaka 2004 kuendesha bila leseni kulifanywa kosa la jinai la kifungo cha hadi mwaka mmoja.

NA TAJIRI JE?

Swali la pili la yule mzee ndilo gumu, na hapa ndipo ninapowalaumu kidogo ndugu zetu wa Ufaransa. Walipambana na idadi ya pointi. Kilichokuwa kikiwasukuma kuvunja sheria, yaani saa zao za kazi na namna walivyolipwa, kilibaki kama kilivyokuwa. Ilibidi warudi mezani. Tarehe 23 Novemba 1994 yalifikiwa makubaliano juu ya muda wa kazi, mapumziko na malipo ya madereva wa masafa marefu. Mengi katika hayo hayakutekelezwa walivyotaka, na Novemba 1996 wakafunga barabara tena kwa muda wa karibu wiki mbili, safari hii vyama vikiwa mbele na madai yakiwa yameandikwa. Walipata haki ya kustaafu wakiwa na miaka 55 kwa aliyeendesha miaka 25. Ukilinganisha migomo miwili, wa 1992 ulikuwa wa hasira, wa 1996 ulikuwa wa chama. Ninajua ni upi uliowalisha watoto zaidi.

Sheria za Jumuiya ya Ulaya zilikuwa tayari zimekwisha kugusa jambo hili. Kanuni ya mwaka 1985 ilimwekea dereva wa lori saa 9 za kuendesha kwa siku (siku mbili kwa wiki anaweza kufika 10), na baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kanuni hiyo hiyo ilikataza kumlipa dereva wa kuajiriwa bakshishi kwa umbali aliosafiri au uzito aliobeba, ikiwa malipo ya namna hiyo yanahatarisha usalama. Kanuni mpya ya mwaka 2006 ikaongeza: kampuni yenyewe hubeba lawama ya makosa ya saa yanayofanywa na dereva wake, na mabadiliko ya mwaka 2020 yakasema kwamba ujira wa kuwahi kufikisha mzigo nao ni marufuku kwa sababu hiyo hiyo ya usalama. Huko kila lori lina chombo cha kuandika saa na mwendo. Zamani kilikuwa kisahani cha karatasi kinachozunguka, na madereva Waingereza walikichukia, wakakiita mpelelezi ndani ya kebini. Lakini kisahani hicho kilikuwa pia shahidi. Kikionyesha kwamba mtu ameendesha saa 14, hakuna tajiri awezaye kusema kwamba yeye alimwachia dereva apumzike.

Ninyi mnaolipwa mileji au kwa tripu, isomeni tena habari ile ya bakshishi.

Uingereza wana dawa nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote. Pale si dereva peke yake mwenye leseni. Tangu sheria ya mwaka 1968, mwenye malori naye lazima awe na leseni ya kufanya biashara ya uchukuzi. Kuna maofisa wanaoitwa makamishna wa uchukuzi, ambao wanaweza kumwita, kumpunguzia idadi ya malori, au kumfutia leseni kabisa, kwa sababu ya breki mbovu au saa za madereva wake. Tena sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 inasema kwamba mwajiri akitoa ratiba au agizo la safari ambayo haiwezekani kumalizika kwa wakati bila kuvunja sheria ya mwendo, ratiba hiyo inaweza kuletwa mahakamani kama ushahidi kwamba yeye ndiye aliyechochea kosa. Ratiba ya kufika Kampala Jumamosi, kwa mfano.

Ufaransa nao wamesogea. Januari 2006 mahakama yao ya juu ya rufani iliamua kwamba mwajiri haruhusiwi kukata mshahara ili kujilipa faini za barabarani alizopata mfanyakazi, hata kama mkataba unasema hivyo. Mwaka 2011 iliamua kwamba aliyefutiwa leseni kwa makosa ya nje ya kazi hawezi kufukuzwa kama mtu aliyefanya utovu wa nidhamu kazini. Mwajiri bado anaweza kuuvunja mkataba kwa sababu hana dereva, lakini hilo ni jambo jingine na lina taratibu zake. Na tangu Januari 2017 kampuni hulazimika kulitaja jina la aliyekuwa akiendesha gari lake kosa lilipopigwa picha, la sivyo kampuni yenyewe hutozwa. Sheria hii ya mwisho ina pande mbili. Imezuia mabwana wakubwa kujificha nyuma ya jina la kampuni. Kwa dereva wa kawaida imeleta jina lake kwenye daftari kila mara.

HAPA KWETU

Kenya, ambako trela zetu hupita, ina sheria tangu mwaka 2012 kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24. Sijui kama kuna msomaji wetu mmoja ambaye tajiri wake alimkumbusha habari hiyo. Mimi nilipomwuliza yule mzee alicheka mpaka chai ikamwagika.

Pointi zikija kwetu, na ninaamini siku moja zitakuja, zitahesabiwa na trafiki yule yule tunayemjua, katika barabara ile ile ambako faini nyingine hulipwa bila risiti. Jambo hili Mfaransa hakuwa na haja ya kulifikiria sana. Dereva mwenye shilingi mfukoni ataendelea na safari bila kuandikwa, na yule mwaminifu anayedai risiti ndiye atakayejaza daftari. Kwa hiyo chama kikiitwa kutoa maoni, nashauri tusiende na neno moja tu la kukataa. Twende na masharti. Dereva apewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya pointi kuondoka. Daftari liwe wazi kwake aone anachodaiwa. Iwepo kozi ya kurudisha pointi ambayo mwajiri ataigharimia kama kosa lilitokana na kazi. Na juu ya yote, mwenye gari naye awe na leseni ya kupoteza.

Wakati hayo hayajaja, kuna kazi ndogo ambayo kila dereva anaweza kuifanya tangu safari yake ijayo. Nunua daftari la shule. Andika saa uliyofika bandarini, saa uliyopakiwa, saa uliyotoka, uliposimama na kwa nini. Andika agizo la tajiri kwa maneno yake na saa aliyokupigia. Kama ameagiza kwa ujumbe wa simu, usiufute. Karatasi ya mzigo ikiwa na saa ya kufika, itolee nakala. Faini ikija, weka risiti pamoja na ukurasa wa siku hiyo, na kabla ya kulipa kwa kosa usilolifanya, mpigie katibu wa tawi.

Nilimweleza yule mzee habari za daftari siku hiyo hiyo. Alikwenda dukani ng’ambo ya barabara akarudi na moja la kurasa 48. Kisha akaniuliza aanze na safari ipi, ile iliyopita au hii. Nikamwambia ile ya risiti tatu, wakati bado anaikumbuka. Karatasi zake za forodha zilipotoka alikuwa amefika ukurasa wa pili, anaandika polepole, na gari lilisubiri mpaka akamaliza mstari.